Matone Yaliyokoma Katikati ya Lami

Kazini walimwita Sekunde, na jina lenyewe likamfuata mpaka nyumbani, ambako mkewe alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa sajenti wa kikosi cha barabarani, lakini si wale wa kusimama juani na kupuliza filimbi. Kazi yake ilianza pale filimbi zilipokwisha. Gari limeshagonga, watu wameshajaa, kila mmoja ana lake la kusema. Ndipo yeye anafika na tepu ndefu, chaki na saa ya kupimia, anapiga magoti kwenye lami na kuanza kuihoji. Watu husema wanavyotaka, alipenda kusema, lami husema ilivyoona. Mpe urefu wa alama za breki, atakwambia gari lilikuja kwa mwendo gani. Akishaujua mwendo, atakwambia sekunde moja kabla ya kishindo gari lilikuwa wapi, na mbili kabla, na tatu, akirudi kinyumenyume hivyo mpaka afike mahali ambapo kila mtu alikuwa bado mzima.

Kazi ya namna hii haiishi ofisini. Mkewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala, alisema hajawahi kuvuka barabara na mume wake bila kuona midomo ya mzee ikichezacheza kwa kuhesabu. Binti yao alipomleta mchumba, mzee hakumuuliza kijana wa watu ukoo wala kazi. Alimuuliza amekuja kwa mwendo gani na matairi yake yana umri gani. Yeye mwenyewe aliendesha gari polepole kiasi kwamba siku moja mama mkwe wake aliomba ashushwe ili awahi. Walicheka wote, naye akacheka. Hakuwaeleza kwamba kila akikanyaga mafuta huona mbele yake zile mita ambazo gari hula kabla mguu haujaifikia breki. Sekunde moja na nusu hivi, kwa mtu mzima aliye macho. Watu hudhani gari husimama wanapotaka lisimame.

Sasa, ile ajali ya gari la mikate. Ilitokea asubuhi, kwenye barabara iliyonyooka mbele ya shule ya chekechea, upande huu duka, upande ule lango la shule. Mtoto wa miaka minne alikuwa akipelekwa shule na shangazi yake, dada wa baba yake. Kwao walimwita Bwana Mdogo, kwa sababu ya mtindo wake wa kutembea na mikono nyuma kama mkaguzi. Pikapu iliyobeba mikate ilimgonga akiwa katikati ya njia ya gari. Sekunde alipofika, mtoto alikuwa ameshachukuliwa, na habari ya hospitali ilikuwa imesharudi: limebaki la kuzika tu.

Kuanzia ukingo wa lami upande wa duka kulikuwa na matone mekundu yaliyofuatana mpaka katikati ya njia ya gari, na mwisho wake kidimbwi kidogo, upana wa kisahani. Askari aliyetangulia alikuwa ameyazungushia chaki na kuandika "damu". Sekunde akainama. Sisimizi walikuwa wameshajipanga safu. Akachovya kidole, akanusa: juisi. Chupa yenyewe, ya plastiki, kifuniko kimelegea, ilikuwa imerushwa hadi mtaroni.

Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Tone la mtu anayekimbia huanguka mbalimbali, tena hurefuka kuelekea kule anakokwenda. Haya yalikuwa mviringo, karibukaribu, kama shanga zilizokatika uzi. Mtoto alikuwa ametembea, tena taratibu, ameshika chupa yake kwa mikono miwili asimwage. Na kile kidimbwi kilikuwa na maana moja tu: alipofika katikati, alisimama. Hapo juisi ikadondoka mahali pamoja, na hapo matone yakakoma. Alama za breki zilianza mbele ya kidimbwi, si kabla yake. Dereva alikanyaga breki akiwa ameshagonga.

Jioni alisoma maelezo ya pande mbili. Shangazi: nilikuwa nimemshika mkono, akaniponyoka, akakimbia, yote yalikuwa ghafla. Dereva: yule mama alikuwa amemshika, mtoto akamponyoka, akachomoka mbele yangu ghafla. Maneno yalifanana hata ungedhani waliketi pamoja kuyapanga, na hawakuketi. Dereva alikuwa ameyasikia kwa shangazi palepale barabarani, wakati mama wa watu analia, akayaokota kama mtu aliyedondoshewa funguo.

Basi Sekunde akafanya hesabu. Alama za breki zilikuwa mita kumi na saba. Kwa lami kavu kama ile, gari lilikuwa kwenye kilomita hamsini na tano kwa saa, yaani mita kumi na tano na kidogo kila sekunde. Kwa mwendo huo dereva aliye macho huhitaji mita arobaini kusimama, tangu anapoona mpaka gari linapotulia. Kama mtoto alichomoka mbio, alikuwa barabarani sekunde moja na nusu tu, na gari lilikuwa mita ishirini na kitu. Hapo hata malaika asingesimama. Lakini kama alitembea?

Hakutaka kukisia. Alikwenda chekechea, akamwomba mwalimu watoto wa umri ule, akawapa vikombe vilivyojaa maji na kuwaambia watembee kutoka mstari mpaka mstari, umbali uleule, bila kumwaga. Watoto waliona ni mchezo mzuri kuliko yote ya wiki ile. Mmoja alitoa ulimi nje kwa kujitahidi. Sekunde alibonyeza saa yake, akaandika, akabonyeza, akaandika, kisha akaenda kusimama nyuma ya choo cha shule mpaka macho yakauke. Hakuna aliyetembea umbali ule chini ya sekunde nne. Baadaye, nyumbani, alidondosha juisi kwenye sakafu ya veranda kutoka kwenye chupa ya aina ileile mpaka mkewe akaja kuuliza kama ameanza kuchanganyikiwa. Kidimbwi hakikufikia upana wa kisahani chini ya sekunde mbili. Yeye akakihesabia moja, kwa sababu ilikuwa desturi yake kumpa dereva faida ya kila shaka. Nne na moja, tano.

Katika sekunde tano pikapu ilitembea mita sabini na sita. Dereva alihitaji arobaini, alikuwa nazo sabini na sita, barabara imenyooka, jua limechomoza nyuma yake, na mguu haukugusa breki. Alikuwa akitazama wapi, hilo lami haisemi.

Ila hesabu ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kama mtoto alikuwa peke yake barabarani sekunde tano, basi hakumponyoka mtu. Hakuna mkono uliokuwa umemshika. Namba ileile iliyomkamata dereva ilimkamata na shangazi. Sekunde aliijumlisha upya mara kadhaa, akitafuta kosa kwa hamu ambayo hajawahi kuwa nayo, na kosa halikupatikana.

Mkuu wa kitengo aliisikiliza hesabu yote huku akikuna kidevu.

"Dereva anasema ghafla," akasema. "Shangazi wa marehemu anasema ghafla. Wewe unasema si ghafla. Shahidi wako nani?"

"Matone, afande. Na sisimizi."

"Basi kawaandikishe maelezo, hao sisimizi."

Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza, kwa upole kabisa, kwamba faili likienda mahakamani hivi lilivyo, wakili wa dereva atasoma maelezo ya shangazi kwa sauti nzuri, na kesi itafia pale. Ama shangazi abadilishe maneno, ama wafunge jalada.

Siku chache baada ya maziko baba wa mtoto alikuja ofisini. Alikuwa seremala; vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Aliketi kwenye ncha ya benchi, kofia mkononi, akaomba radhi kwa kusumbua. Alisema hataki ugomvi na mtu yeyote, wala hamtakii dereva mabaya, anataka kujua jambo moja tu apate kulala.

"Angeweza kusimama?"

Jibu lilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko cha Sekunde. Lakini alijua swali linalofuata. Ukisema ndiyo, angeweza, nafasi ilikuwepo tele, baba wa watu atauliza: na dada yangu, nafasi hiyo yote, alikuwa wapi? Kwa hiyo akasema upelelezi haujakamilika, maneno ambayo polisi huyatumia kama watu wengine wanavyotumia mwavuli.

Seremala alishukuru. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi Sekunde, kwamba alishukuru. Akiwa mlangoni akaongeza kwamba dada yake hali wala halali. Aliachika kwa kutopata mtoto, akarudi kwa kaka yake, na tangu Bwana Mdogo azaliwe hawakutenganishwa. Mtoto alilala kwake, akamwita Mama Shangazi. Msibani kuna mwanamke aliyemwona akilia kuliko mzazi akasema chinichini kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mke wa seremala, mama mzazi wa mtoto, alimtoa mwanamke huyo nje kwa mkono wake mwenyewe. Na sasa ndiye anayemlisha wifi yake kwa kijiko.

Usiku ule Sekunde hakugusa chakula. Mkewe aliacha kushona, akamtaka aseme kilichomkaba, na kwa mara moja katika maisha yake akasikiliza mpaka mwisho bila kutia neno.

"Ukinyamaza dereva anakwenda zake," akasema hatimaye. "Ukisema, yule dada wa watu anakwenda zake. Sasa wewe unataka nani abaki?"

Sekunde alisema anataka kile kilichotokea kijulikane, basi. Hata masikioni mwake maneno yale yalisikika madogo. Alimchukia dereva, na alijichukia mwenyewe kwa kuwa na ustadi huu wa kurudisha saa nyuma usiomrudisha mtu.

Alimkuta shangazi nyuma ya nyumba, akianika nguo. Wifi alitoka na kiti, akamkaribisha mgeni, akamfuta shangazi povu la sabuni begani kwa upindo wa nguo yake, akarudi ndani. Sekunde alisubiri mlango ufungwe.

"Dada, sikuja kukutisha," akasema. "Nimekuja kukwambia nilichokiona."

Akamwambia. Kwa sauti ya chini, bila namba nyingi: matone ya mviringo, kidimbwi, breki zilizoanza baadaye. Kwamba mtoto hakukimbia. Kwamba alitembea, na alisimama.

Shangazi alikuwa ameshika shati la kaka yake, limelowa, maji yakimtiririkia miguuni.

"Najua alisimama," akasema.

Kisha likamtoka lote. Kuna mtu alikuwa amempigia simu, mwanamume mwema tu, aliyefiwa na mkewe, lakini nyumbani hawamjui bado. Alimpa mtoto chupa yake ashike, akamwambia asisogee, akageukia ukuta wa duka ili asisikike. Alikuwa anacheka. Hilo alilirudia: nilikuwa nacheka, afande. Alipogeuka mtoto alikuwa amesimama katikati ya barabara. Sekunde akamuuliza kwa nini alisimama, kwa sababu jambo hilo tangu mwanzo lilikuwa limemshinda. Mtoto akishaingia barabarani huenda moja kwa moja. Shangazi alilikamua lile shati. Akalitundika, akalinyoosha kola, akachukua lingine.

"Ukisema kweli, dereva atajibu," akasema Sekunde. "Usiposema, nitatoa hesabu yangu peke yangu, watanisomea maneno yako, na atatoka."

"Nikisema, nitalala wapi?"

Sekunde alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo. Akasema hajui, akaaga. Wifi alimsindikiza hadi nje na kumwombea kheri kazini. Alitembea mpaka stendi akijiona mwizi.

Wiki ilipita, na nyingine. Mkuu alishatafuta muhuri wa kufungia jalada. Ndipo asubuhi moja shangazi akaingia ofisini, nguo safi, macho yamevimba, akasema amekuja kuandika upya. Alieleza yote, akatia dole gumba. Sekunde alimuuliza kama wenyewe nyumbani wanajua. Akatikisa kichwa. Alisema amejaribu kila jioni, na kila jioni wifi yake anakuja na sahani.

Hivyo wakajua mahakamani, pamoja na watu wengine wote. Seremala na mkewe walikaa benchi la mbele. Sekunde alitoa ushahidi wake kwanza, chaki ubaoni, mita na sekunde, akauona uso wa seremala ukifunguka alipofika kwenye arobaini na sabini na sita: hatimaye alijibiwa swali lake. Kisha akauona ukianza kujifunga, polepole, kama uso wa mtu anayepiga hesabu ya kutoa kichwani. Shangazi alikuwa tayari amesimama kizimbani.

Wakili wa dereva hakumpigia kelele, alimhurumia, na huruma ile ilikuwa mbaya zaidi. Mbele ya polisi ulisema alikuponyoka. Leo unasema hukuwa umemshika. Simu ilikuwa ya nani? Ulikuwa umeipa barabara mgongo? Akajibu kila moja. Benchi la mbele mama wa mtoto hakusogeza hata kidole.

"Na huyu mtoto," akasema wakili, "kwa mujibu wa sajenti, akasimama katikati ya barabara. Tuambie, mama, mtoto anasimama katikati ya barabara afanye nini?"

"Alikuwa ananisubiri."

Wakili alifungua mdomo, lakini shangazi hakuwa amemaliza, wala hakuwa akisema naye. Alikuwa amemgeukia wifi yake.

"Tulimfundisha, mimi na wewe. Havuki mtu mpaka ashikwe mkono. Alikumbuka akiwa ameshafika katikati. Akageuka, akaninyooshea mkono."

Dereva, kule alikokaa, aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Baadaye hakimu angesema kwamba nafasi ya kusimama ilikuwepo, nyingi, na angempa kifungo chake, na Sekunde angekisikia kama mtu anayesomewa habari za mji mwingine. Siku ile alichokiona ni seremala kunyanyuka, kumshika mkewe kiwiko, na kutoka naye bila kutazama nyuma.

Sekunde alipotoka na tepu yake kwapani, aliwakuta wawili hao wameshavuka. Kituo cha mabasi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Upande huu shangazi alikuwa amesimama ukingoni peke yake, mkoba kifuani, magari yakipita. Ikaja nafasi nzuri, pana, ya kutosha mtu na mzigo wake, hakushusha mguu. Ikaja nyingine. Sekunde alitazama miguu yake na kuelewa kwamba mwanamke yule hawezi. Akaanza kushuka ngazi amfuate.

Hakuwahi. Mama wa mtoto alikuwa amemwacha mumewe kituoni, akarudi, akavuka barabara kuja upande huu. Hakumtazama wifi yake usoni wala hakumsemesha. Alimkamata kifundo cha mkono, si kiganja, kwa nguvu, vile anavyoshikwa mtoto mtundu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, akamvuta. Kwa mazoea midomo ya Sekunde ilianza kuhesabu walipokanyaga lami, na katikati ya njia ikaacha. Walipofika ng'ambo, wifi alimwachia mkono na kwenda kusimama upande wa mumewe, na shangazi akabaki palepale alipoachwa.